Kompyuta na Mbinu za Vita: Fundisho kutoka Songea

Mchezaji hodari wa bao hutazama mbele. Akianzia shimo hili, mwenzake atajibuje, na kete ngapi zitaliwa? Kompyuta ichezayo michezo ya vita vya kihistoria hufanya vivyo hivyo. Hupanga hatua ziwezekanazo, hukisia majibu ya adui, kisha hulipa kila tokeo alama. Hatua yenye alama nyingi ndiyo ichaguliwayo. Mwaka 1950 Claude Shannon wa Marekani aliueleza utaratibu huu kwa mchezo wa sataranji.

Basi ubora wa jemadari huyo hautokani na kasi ya kuhesabu pekee, bali pia na kile alichoamriwa kukihesabu. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 ni mfano mwema. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji waliishambulia ngome ya Wajerumani huko Mahenge, wakaangushwa kwa bombomu. Katika nchi ya Songea, Wangoni waliposhindwa mwezi Oktoba, waliacha mapambano ya uwanjani wakaanza kuvizia kwa vikundi vidogo, Chabruma akiwa miongoni mwa viongozi wao.

Programu inayohesabu idadi ya askari tu ingeona wengi wakikabili wachache, ikaamuru shambulio lile lile tena na tena. Ili iboreshwe, yafaa ipime nguvu ya silaha na umbile la ardhi, ikumbuke matokeo ya mapigano yaliyopita, na ihesabu kurudi nyuma kwa wakati kuwa ni faida.

Hata hivyo, utawala wa Gavana von Götzen ulichoma mashamba na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Programu ikipewa kipimo cha chakula, nayo itagundua upesi kwamba kuchoma ghala huleta ushindi. Ikiwa uhai wa raia haukupewa alama, mashine haitaona kosa lolote. Hesabu yake itakuwa sahihi. Kipimo ndicho kitakachokuwa pungufu, na kipimo hutungwa na binadamu.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani bila mashine. Wanafunzi waandike hatua tatu: kushambulia, kuvizia, kuchoma ghala. Kila hatua ipewe alama za askari, chakula na raia, kisha zijumlishwe. Alama za raia zikifutwa, mshindi hubadilika?