Kazi ya Mpigaji: Misimu Ishirini ya Basharat Hassan

Kila mwananchi aliyepita darasani analijua jina la Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyo wetu alikimbia mita 1,500 akiongoza toka mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia, na tangu siku hiyo jina lake halikufutika. Hiyo ni haki yake. Lakini mazoea yetu ya kumpima mwanamichezo kwa siku moja tu yametufanya tusiwaone wanamichezo wa namna nyingine: wale ambao hawakupata kamwe siku moja kubwa, bali walipata siku nyingi za wastani, na siku hizo zikawa ndizo ajira yao.

Leo twapenda kumzungumzia mmoja wa hao. Jina lake ni Basharat Hassan, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1944, akacheza kriketi ya kulipwa katika kaunti ya Nottinghamshire, Uingereza, kuanzia mwaka 1966 hadi 1985.

Baadhi ya wasomaji wetu, hasa wa Ukerewe na visiwa vya jirani, watauliza: kriketi yatuhusu nini sisi? Swali ni halali. Kwa miaka mingi mchezo huu katika Afrika Mashariki ulichezwa ndani ya klabu zilizogawanyika kwa rangi na kwa jamaa, Wazungu huku, Wahindi kule, na Mwafrika akatazama kutoka ukingoni. Hata hivyo, tunalolitafuta hapa si mchezo wenyewe. Tunatafuta kuelewa jinsi mchezo unavyoweza kuwa kazi ya mtu mzima.

Mpigaji ni yule asimamaye na gongo la mti (si lile gongo linalowasumbua watendaji wetu wa kata) akiulinda mfano wa vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma yake. Mrushaji, akiwa upande wa pili umbali wa mita 20 hivi, humtupia mpira wa ngozi mgumu kama jiwe, wenye uzito wa gramu 160 hivi. Kosa moja linatosha: mpira ukiangusha vijiti, au ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji hutoka, na zamu yake imekwisha. Hassan kwa kawaida alikuwa mfunguzi, yaani mmoja wa wawili wanaoingia kwanza, wakati mpira ungali mpya na warushaji wangali na nguvu. Nusu ya kwanza ya kazi yake aliifanya kabla kofia ngumu za kukinga kichwa hazijaanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970. Timu yake ilipokuwa ikirusha, aliwekwa hatua chache tu kutoka kwa mpigaji wa upande wa pili, adake mipira ambayo wengine waliikwepa.

Katika enzi zake mechi za ubingwa wa kaunti zilichukua siku 3, na kuanzia mwaka 1969 ikaongezwa ligi ya siku moja ya kila Jumapili. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Septemba, mchezaji wa kaunti alikuwa kazini karibu kila siku, na jioni alisafiri kwenda mji mwingine ili kesho yake aanze upya. Septemba ikiisha, mshahara nao uliisha, na wengi walilazimika kutafuta kazi nyingine wakati wa baridi.

Hapo ndipo tulipoikumbuka Lingeka, wilayani Meatu, Mkoa wa Simiyu. Mkulima wa Lingeka hupanda pamba mvua za Novemba zinaposhika, hupalilia, hupulizia dawa, na fedha haioni mpaka soko lifunguliwe katikati ya mwaka unaofuata. Vivyo hivyo mvuvi wa dagaa wa Ukerewe: mbalamwezi ikiwa kali, taa zake hubaki nyumbani. Watu hawa wawili, tukiwasimulia maisha ya Hassan, hawatahitaji mkalimani.

Msimu kwa msimu, Hassan alikusanya mikimbio zaidi ya 14,000 katika mechi zaidi ya 300 za daraja la kwanza. Mara 15 alifikisha mia. Zamu yake kubwa kuliko zote ilikuwa mikimbio 182 bila kutolewa, dhidi ya Gloucestershire, katika uwanja wa Trent Bridge mwaka 1977. Wastani wake ulikuwa chini kidogo ya mikimbio 30 kwa kila kutolewa, na kwa kipimo cha mabingwa hiyo si namba ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu. Katika klabu hiyo hiyo alicheza Garfield Sobers wa Barbados, aliyejiunga nayo mwaka 1968 na ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji hodari kuliko wote waliopata kuzaliwa. Baadaye akaja Richard Hadlee wa New Zealand na Clive Rice wa Afrika Kusini, ambao mwaka 1981 waliiongoza Nottinghamshire kutwaa ubingwa iliokuwa haijauona tangu 1929. Wakubwa walikuja na kuondoka, na Hassan alibaki. Alianza akiwa na umri wa miaka 22, akamaliza akiwa na miaka 41.

Tunasisitiza kubaki huko kwa sababu hakukutokana na bahati. Hadi mwaka 1962 kriketi ya Uingereza iliwagawa wachezaji kuwa mabwana wasiolipwa na wafanyakazi wanaolipwa. Mgawanyo huo ulifutwa, na mwaka 1967 wachezaji wakaunda chama chao cha kutetea masilahi yao. Ilikuwapo pia desturi ya kumpa mchezaji aliyetumikia kaunti kwa muda mrefu mwaka wake wa mchango, ambapo wapenzi wa klabu humchangia fedha za kumsaidia atakapostaafu. Mwaka 1927 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri la James Seymour wa Kent, iliamua kuwa mchango wa namna hiyo usikatwe kodi. Uwanja, mkataba, chama na mchango: juu ya hayo mtu wa wastani aliweza kusimama miaka ishirini.

Sasa tutazame upande wetu. Mwaka 1975 Afrika Mashariki ilipeleka timu ya pamoja kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, huko huko Uingereza. Nahodha alikuwa Harilal Shah, na Waganda Sam Walusimbi na John Nagenda wakiwa miongoni mwa wachezaji. Walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, waliocheza mwisho wa juma. Tarehe 7 Juni walikutana na New Zealand mjini Birmingham. Glenn Turner, mpigaji aliyekuwa akilipwa na kaunti ya Worcestershire, peke yake alipata mikimbio 171 bila kutolewa. Timu nzima ya Afrika Mashariki ilipata 128. Hassan wa Nairobi hakuwamo katika timu ile. Yeye alikuwa na mwajiri wake Nottingham. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa wakati huo huo akiichezea kaunti ya Glamorgan, huko Wales. Dipak Patel, mwana mwingine wa Nairobi, alianza kuichezea Worcestershire mwaka uliofuata na hatimaye akaiwakilisha New Zealand.

Hatuwalaumu waliokwenda. Mtu hufuata riziki yake. Lakini tunawauliza viongozi wa mikoa na halmashauri, ambao hupenda kukabidhi mipira na jezi mbele ya wapiga picha: jezi ikichanika, kinafuata nini? Baraza la Michezo la Taifa limekuwapo kwa sheria tangu 1967, na bado kijana wa Lingeka mwenye mkono wa shabaha, aliyeupata kwa kurusha mawe akichunga ng'ombe, hajui mlango wa kubisha. Na viwanja vya wazi vikipimwa kuwa vya nyumba, hata hapo pa kuanzia pataondoka.

Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la kriketi la umri huo, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Umri wa miaka 19 hupita upesi. Hassan alipokuwa na umri huo alikuwa bado hajavaa jezi ya Nottinghamshire. Alihitaji miaka mitatu zaidi, na mtu wa kumwekea mkataba mezani.