Kwa Nini Shehena Hukataa Kupanda Garimoshi

Mwezi wa Agosti 2019 ilitolewa amri katika bandari ya Mombasa kwamba makontena yote ya bidhaa zitokazo ng'ambo, yaendayo Nairobi na bara, yachukuliwe kwa reli mpya, ile iliyoanza kubeba shehena mwaka 2018. Wafanyabiashara wengi walilalamika, na wengine wakaenda mahakamani. Mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ikaiondoa amri hiyo.

Msomaji aweza kushangaa. Garimoshi moja huchukua mzigo wa makumi ya malori, tena kwa mafuta machache zaidi kwa kila tani. Mbona basi mwenye mzigo alitake lori? Sababu moja ni kwamba yeye hanunui safari ya stesheni hata stesheni. Anunua safari ya melini hata ghalani. Kontena likishushwa Embakasi lahitaji kreni nyingine na lori lingine, na kila hatua ina malipo yake na foleni yake.

Lakini wenye mizigo nao hawafanani. Tuchukue tani moja ya shaba yenye thamani ya dola 9,000 na tani moja ya saruji yenye thamani ya dola 100, na tuseme fedha zilizofungwa katika mali hizo zimekopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kila siku ipitayo njiani humgharimu mwenye shaba 9,000 × 0.12 ÷ 365, yaani karibu dola 3. Mwenye saruji hupoteza senti 3 na kidogo. Mwenye kahawa ana shauri jingine kabisa: safari ya siku nne au ya siku sita, zote aweza kuzipangia, mradi ajue mapema ni ipi, kwa maana meli haitamngoja.

Mapendeleo ya namna hii hupimika. Mwanauchumi wa Marekani Daniel McFadden, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2000, alionyesha jinsi ya kukadiria, kutokana na machaguo ambayo watu wamekwisha kuyafanya, uwezekano wa mtu kuchagua njia fulani ya usafiri kadiri bei na muda vinavyobadilika. Kosa la wapangaji wengi, nami nililifanya katika mahesabu yangu ya kwanza, ni kumtafuta "mteja wa wastani". Wastani wa dola 3 na senti 3 ni kama dola moja na nusu. Huduma iliyopangwa kwa kipimo hicho ni ghali mno kwa saruji na ya polepole mno kwa shaba, na mteja huyo wa wastani hatokei kamwe stesheni.

Sasa tuone mpango wenyewe. Tuseme stesheni hupokea mabehewa 10 kila siku, na injini yaweza kuvuta 40. Garimoshi likingoja kujaa, mabehewa ya siku ya kwanza hulala siku 3, ya pili siku 2, ya tatu siku 1; wastani ni siku 1.5. Behewa la tani 40 za shaba limekwisha kupoteza zaidi ya dola 175 kabla gurudumu halijazunguka, na la saruji dola 2 tu. Likiondoka kila siku hakuna angojaye, ila injini na dereva hulipiwa mara nne.

Je, tuwe na magarimoshi ya aina mbili? Hapo njia yenyewe huleta ubishi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni ya njia moja. Magarimoshi hupishana tu penye njia ya pembeni. La haraka likilifikia la polepole, ama litambae nyuma yake, ama la polepole lisimamishwe pembeni. Mwenye saruji angependa njia za pembeni zirefushwe, ili garimoshi liwe refu na bei ishuke. Mwenye shaba angependa ziongezwe idadi.

Walimu wa hisabati waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: riba ikipanda hadi asilimia 18, na mabehewa yakipungua hadi 8 kwa siku, nani kati ya hao wawili atakuwa wa kwanza kukimbilia lori?