Muziki wa Jioni Hauna Mkaguzi

Katika maisha ya kambini kuna muziki wa aina mbili, wala si vyema kuuchanganya. Wa kwanza ni wa wajibu. Mpiga tarumbeta wa kikosi hana vitufe vya kubonyeza. Kwa midomo yake tu hutoa sauti zipatazo tano, na kila mwito sharti uwe sahihi, kwani akikosea huwapotosha askari wote. Wa pili ni muziki wa jioni, baada ya kazi. Huo hauna mkaguzi.

Wengi wetu tumeupoteza huo wa pili kwa kuogopa kuchekwa. Nami nilikuwa mmoja wao. Katika shule ya kadeti nilikuwa na lukeme niliyojitengenezea kwa ubao na ndimi za chuma cha mwavuli. Usiku mmoja nilikosea wimbo wa nyumbani, na mwenzangu mmoja akayaiga makosa yangu mbele ya bweni zima. Niliifungia lukeme sandukuni kwa miaka minane.

Waliotutangulia hawakuwa na woga huo. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi, ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi wa pande zote mbili waliieneza Afrika Mashariki. Huko Malawi, katika ngoma ya malipenga iliyo ndugu ya beni, waliokosa tarumbeta za shaba walitoboa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimbia ndani yake. Hawakungoja shaba, wala cheti.

Mwaka jana, tukiwa kazini mbali na kambi kuu, koplo mmoja aliiona lukeme yangu akaomba kuipiga. Alivuta ulimi mmoja ukarefuka, sauti ikashuka, akaanza. Alikosea mara nyingi, akacheka mwenyewe, akaendelea. Aliniambia kwamba hapigi ili asifiwe, bali ili siku yake iishe vizuri. Usiku ule nilipiga wimbo wangu hadi mwisho, pamoja na makosa yake.

Ndugu askari, chombo ulichokificha kitoe. Na wewe usikiaye, usimcheke mwenzako. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa askari, kambi ndiyo kwao.