Unauza Unga wa Mlonge? Soma Hii Kabla Hujaandika "Inatibu"

Wauzaji wenzangu, leo naongea na wale wa mlonge, mwarobaini na majani mengine ya dawa.

Juzi kati mama mmoja wa Geita alinitumia meseji: "Mdogo wangu, mlonge wako unatibu UTI? Mwanangu ana homa siku ya tatu." Nilishasoma mahali kwamba mlonge unaua bakteria. Nikaandika "ndiyo mama", halafu nikasita, nikafuta. Nikamwambia ampeleke mtoto hospitali kwanza. Mauzo yakapotea.

Usiku ule nikakaa kusoma hivi vipimo vinafanywaje. Kumbe hivi:

Majani yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye maji au spiriti, kisha yanachujwa na kukolezwa. Bakteria wanapandwa kwenye kisahani chenye chakula chao kilichoganda kama jeli. Juu yake kinawekwa kikaratasi kilichochovywa ile dawa. Kesho yake wanapima kwa milimita eneo ambalo bakteria hawajaota, wanalinganisha na antibiotiki inayojulikana.

Kile cha antioksidanti wanatumia kemikali ya zambarau inayoitwa DPPH. Ikififia kuwa njano, majani yana nguvu hiyo.

Sasa shika hili: kisahani siyo mtu. Hata jiki inaua bakteria kwenye kisahani, na hakuna anayekunywa jiki. Halafu kilichopimwa ni dawa iliyokolezwa, siyo kijiko cha unga wako kwenye uji.

Lingine, kipimo hicho hakikwambii kama majani ni safi. Huku kwetu wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Majani yaliyochumwa au kuanikwa karibu na mialo yanaweza kubeba zebaki, na kuijua kunahitaji kipimo kingine kabisa.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Kwenye lebo andika "unga wa majani ya mlonge", uzito, tarehe ya kusaga na majani yalikotoka. Neno "inatibu" futa.

2. Muulize anayekuuzia majani anachuma wapi na anaanika wapi. Nenda ukaone mwenyewe.

3. Ukitaka kuuza kama dawa, anzia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Ndilo linalosajili. Vipimo vya usalama hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kanda ya Ziwa ofisi yake ipo Mwanza. Ukiuza kama chakula, nenda TBS.

4. Mteja akitaja mgonjwa, jibu ni moja: hospitali kwanza.

Yule mama alirudi inboksi baada ya wiki mbili. Mtoto alikutwa na malaria, siyo UTI. Kapona. Akaagiza pakiti moja ya kuweka kwenye uji.

Ningemjibu "ndiyo" siku ile, sijui leo ningekuwa naandika nini hapa. Mtumie mwenzako anayeuza majani.