Chaza Wakubwa Katika Tangi Dogo (2): Akiba ya Maji

Juma lililopita tulieleza jinsi chaza wa jenasi ya Tridacna anavyofuga mwani wa chembe moja ndani ya nyama yake ya ukingoni, ile yenye rangi za kung'aa, na jinsi mwani huo unavyotumia mwanga kutengeneza sukari inayomlisha mwenyeji wake. Kutokana na hayo wafugaji wengi hukata shauri kuwa suala zima ni taa. Sikubaliani nao. Taa kali ikishapatikana, shida ya tangi dogo ni uchache wa maji yenyewe, kwa sababu chaza anayekua hujenga gamba kutokana na madini yaliyoyeyuka majini, na katika tangi dogo akiba ya madini hayo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue tangi la lita 60. Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalsiamu kwa lita, kwa hiyo tangi zima lina gramu 25 hivi. Chaza akiongeza gramu 3 za gamba, atakuwa amechota kalsiamu gramu 1.2 tu, yaani kama asilimia 5 ya akiba. Mfugaji akipima kalsiamu ataona kipimo kimeshuka kutoka 420 hadi 400, naye atalala usingizi mnono. Lakini gamba ni kalsiamu kaboneti, na upande wa kaboneti hesabu ni nyingine kabisa: gramu hizo hizo 3 zimemaliza karibu asilimia 40 ya ualkali wa maji yale. Anayepima kalsiamu peke yake anatazama ghala lililojaa huku lile tupu likiwa nyuma yake. Dalili ya kutazama iko kwenye gamba lenyewe: chaza anayekua huwa na ukanda mwembamba, mweupe na safi, kwenye mdomo wa gamba. Ukanda huo ukikoma kuongezeka, kapime ualkali kabla ya kulaumu taa.

Wapo watakaosema kwamba kubadilisha maji kila juma kunatosha. Kwa samaki, mara nyingi kunatosha. Kwa chaza anayekua, hapana. Ukibadilisha lita 6 kati ya 60, unarudisha sehemu moja ya kumi ya upungufu, na tisa zinabaki. Isitoshe, tangi hilo likipoteza lita 2 kwa mvukizo, chumvi hupanda kutoka 35 kwa elfu hadi zaidi ya 36. Hapa dawa moja hutibu maradhi mawili: maji yaliyovukizwa yafidiwe kwa maji baridi yaliyoyeyushiwa chokaa, kwani chokaa hurudisha kalsiamu na ualkali kwa uwiano uleule ambao gamba limevichota. Iwe chokaa safi kwa kiwango cha maabara, si ya kupaka kuta wala ya tambuu, na idondoshwe polepole, ikiwezekana usiku, maana ni kali na hupandisha pH ghafla.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: chaza hunyonya amonia na naitreti, basi si anasafisha tangi? Ni kweli, mwani wake unahitaji naitrojeni. Ila hiyo ina maana pia kwamba maji yaliyosafishwa kupita kiasi humtia njaa. Na yule mdogo hategemei mwanga tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu Tridacna gigas ulikuta kwamba wachanga walipata kama asilimia 65 ya kaboni waliyohitaji kwa kuchuja chakula majini, na wakubwa asilimia 34. Kwa hiyo kununua kichanga cha sentimita 3 kwa sababu tangi ni dogo ni kujitafutia kazi ngumu zaidi.

Wala gigas mwenyewe hana nafasi humu, kwani hupita mita moja. Derasa hufika sentimita 60. Maxima na squamosa, wanaoishi pia kwenye matumbawe ya pwani yetu, huwa wadogo kuliko hao, lakini squamosa naye atalizidi tangi hili. Anayefaa zaidi kwa udogo ni crocea wa Pasifiki ya magharibi, wa sentimita 15 hivi, anayedai mwanga mkali kuliko karibu wote. Spishi hizi zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo zikivuka mpaka lazima ziwe na kibali; muuzaji aulizwe kibali hicho, na kama chaza wake alizalishwa shambani, kabla ya kuulizwa bei.