Vidonge Vyeupe Kwenye Sanduku la Kanga

Fungua sanduku la kanga katika nyumba nyingi za mwambao na harufu itakayokupokea kwanza ni ya naftalini, vile vidonge vyeupe ambavyo wamachinga huviuza ndani ya vipakiti vya nailoni. Watu wakiniuliza waanze wapi kupunguza sumu nyumbani, huwaambia waanze hapo, maana ni badiliko lisilogharimu hata senti.

Kidonge kikiwekwa kwenye pembe ya kabati, baada ya majuma kadhaa hukonda kama pipi iliyonyonywa. Naftalini haiyeyuki kuwa maji; hugeuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo huingia katika nyuzi za nguo na katika mapafu ya anayelala chumbani. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2008.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kuihofia. Katika nchi zenye malaria, watu wengi huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na wengi wao hawajui. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifungwa kanga iliyolala na naftalini, chembe zake zinaweza kupasuka. Macho na ngozi hugeuka manjano, na akichelewa kutibiwa ubongo unaweza kudhurika. Bahati mbaya, kanga zinazotunzwa kwa ajili ya uzazi ndizo zilizokaa sandukuni muda mrefu kuliko zote. Zifueni na kuzianika juani mpaka harufu iishe kabisa. Ikigoma kuisha, mtoto atafutiwe nyingine. Na akionyesha manjano, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, mhudumu aelezwe kuhusu vidonge hivyo.

Kinachonishangaza ni kwamba vidonge hivi huwekwa kuzuia nondo wa nguo, ilhali nondo huyo hula sufu, hariri na manyoya. Kanga ya pamba si chakula chake. Wadudu wengine hufuata jasho, madoa ya chakula na unyevu, kwa hiyo nguo iliyofuliwa na kukauka barabara imeshajilinda vya kutosha. Ukitaka harufu nzuri, funga karafuu kwenye kitambaa uzitie katikati ya mikunjo. Zitanukia, ingawa usizitegemee kuua mdudu. Pakiti iliyopo ikiisha, usinunue nyingine.

Dawa ya mbu ya kuchoma inahitaji subira zaidi, kwa sababu mbu nao wana hatari yao. Watafiti waliopima moshi wake waliripoti mwaka 2003 kwamba duara moja likiungua lote linaweza kutoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Kwanza iondoe kwenye chumba cha kulala, ichomwe barazani. Ndani, watu walale kwenye chandarua kisichotoboka. Kisha weka wavu dirishani, dirisha moja kila fedha inapopatikana.

Chooni na jikoni ndiko watu huvutiwa zaidi na vitu vya asili, na ndiko ninakotoa onyo. Ndimu na siki huondoa magamba ya chumvi kwenye birika vizuri sana, na majivu yaliyochekechwa hung'arisha sufuria. Lakini siki haiui vijidudu kama klorini, hivyo kipindupindu kikiingia mtaani, klorini ndiyo dawa. Tatizo huanza pale mtu anapomimina siki au ndimu juu ya klorini akidhani ataongeza nguvu: asidi hiyo huifanya itoe gesi ya klorini, ambayo katika choo kisicho na dirisha huchoma macho na mapafu. Sabuni za choo zenye asidi hufanya vivyo hivyo. Ukiwa umeshachanganya na koo linawasha, toka nje mara moja, uache mlango wazi, na usirudi kusuuza mpaka hewa ibadilike.