Tukayaone Magofu ya Kilwa

Sisi wa Rondo tukishuka Lindi, tunakwenda sokoni au hospitali, kisha tunarudi. Kilwa Kisiwani hatufiki. Lakini wageni wa Ulaya wanakuja kuona magofu yake. Je, kuna nini huko?

Kuna Gereza. Hii ni ngome iliyo ufukoni. Hapo ndipo Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505. Baadaye Waarabu wa Omani walijenga upya.

Kuna Msikiti Mkuu wenye nguzo za mawe. Tena kuna Husuni Kubwa, jumba la sultani. Lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe 8. Lilijengwa zaidi ya miaka 600 iliyopita, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mali ilitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala.

Safari ni hivi. Kutoka Lindi panda basi hadi Nangurukuru, halafu Kilwa Masoko. Hapo lipa kiingilio, uvuke kwa mashua. Utapunga upepo na kuona mikoko.

Mwaka 1981 magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini, maana kuta zilianguka. Zilitengenezwa, na mwaka 2014 hatari ikaondolewa.

Ndugu, mikoko huzuia mawimbi. Tusiikate. Tusichukue hata jiwe moja. Ukuta ukianguka, wajukuu zetu tutawaonyesha nini?